Nani Alilipia Kiti cha Dadangu?

Sijawahi kupanda ndege. Nataka ujue hilo mapema, kwa sababu kwa miaka miwili nilipata unga wangu kwa kuwaambia Wamarekani ni kadi gani ya ndege wachukue.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna tovuti moja ya Marekani inayolinganisha kadi za mkopo, zile zinazobeba jina la shirika la ndege na zinazokupa maili kila ukinunua kitu. Msomaji akibofya kiungo na benki ikimkubali, tovuti inalipwa. Makala lazima ziandikwe na mtu, na mtu huyo si lazima awe Marekani. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu baada ya karo kunishinda, nikabaki na chumba Zimmerman, kompyuta yenye kioo kilichopasuka, na Kiingereza kizuri. Walinilipa senti mbili za dola kwa neno. Makala ya maneno 2,000 ni dola 40. Jina langu halikuonekana popote. Pale juu walikuwa wameweka picha ya mzungu anatabasamu, ameshika begi la magurudumu, ati ndiye mwandishi.

Sikulalamika. Rent ilikuwa inalipwa. Na kusema ukweli, nilikuwa mzuri kwa hiyo kazi. Ningeamshwa saa nane usiku ningekuambia ni kadi gani inakupa begi la kwanza bure, ni ipi inakuingiza kwenye ndege kabla ya wengine, ni ipi inakufungulia ule ukumbi wa kupumzikia wenye kahawa na viti laini. Nilijua ni safari ngapi kwa mwaka zinatosha kurudisha ada ya kadi. Hayo yote nikiyaandika huku nikisubiri tokeni za stima ziingie.

Basi siku moja dadangu akanipigia.

Dadangu yuko Lowell, Massachusetts. Ni mji mdogo karibu na Boston, lakini una Wakenya wengi, hadi kuna Jumapili anapita mchana mzima bila kuongea Kiingereza. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anawaosha, anawalisha, anawageuza usiku ili ngozi isichubuke. Alikuwa ameondoka miaka sita na hajarudi hata mara moja.

“Wewe kijana,” aliniambia, “si ndiye unaandika hizo mambo za kadi? Nichagulie moja. Nataka kuja kuona shosh.”

Shosh wetu alikuwa Ol Kalou, miaka 86, na alikuwa ameanza kutuchanganya majina. Mimi aliniita kwa jina la mjomba. Lakini kila nikimtembelea aliuliza swali moja bila kukosea: yule wa ng'ambo anakuja lini?

Nilifurahi kuombwa. Ukiwa uliacha chuo, kwenye familia kama yetu, hakuna mtu anakuuliza kitu. Unatumwa tu. Sasa dada mkubwa, aliye Marekani, anataka maoni yangu. Nilimpa usiku mzima. Nilichora jedwali.

Nikuonyeshe nilivyofikiria, kwa sababu hesabu yenyewe haikuwa mbaya. Begi la bure: hilo nililifuta kwanza. Kwa safari ndefu ya kutoka Marekani hadi Nairobi, begi la kwanza mara nyingi tayari liko ndani ya tiketi, kwa hivyo kadi inakupa kitu ambacho ulikuwa nacho. Tiketi ya bure ya mwenzi: mara nyingi ni ya safari za ndani ya Marekani na visiwa vya karibu, haifiki kwetu. Ukumbi wa kupumzikia: kadi zinazoufungua zinadai mamia ya dola kila mwaka, na mtu anayesafiri mara moja kwa miaka sita atakaa humo ndani saa tatu. Kisha ushirika. Kenya Airways iko SkyTeam tangu 2010, pamoja na Delta, Air France na KLM. Ethiopian iko Star Alliance pamoja na United na Lufthansa. Maili za shirika moja zinaweza kukununulia kiti kwa shirika jingine la ushirika huo, kwa hivyo lazima uchague upande unaofika JKIA bila kukuzungusha siku mbili.

Ukitoa hayo yote, kinachobaki ni bonasi ya kujiunga. Maili 60,000, ukitumia dola 3,000 ndani ya miezi mitatu. Mwaka wa kwanza bila ada. Nilimwandikia: chukua hii.

Kuna sentensi niliyokuwa naiandika kwenye kila makala, karibu na mwisho, pale juu kidogo ya kiungo. Ilisema kwamba kadi hii inamfaa mtu anayelipa salio lake lote kila mwezi. Ni sentensi ya kweli. Bila hiyo, kila kitu kingine kwenye makala ni uongo, kwa sababu riba ya kadi hizo inazidi asilimia 20 kwa mwaka na hakuna maili zinazoweza kushindana nayo. Niliiandika zaidi ya mara mia moja kwa watu nisiowajua. Dadangu sikumwambia. Nilidhani anajua.

*

Dola 3,000 kwa miezi mitatu si pesa nyingi kwa wale niliokuwa nawaandikia. Dadangu, ukitoa kodi ya nyumba ambayo hangeweza kuilipa kwa kadi bila kuongezewa ada, alikuwa anatumia dola 700 hivi kwa mwezi: chakula, mafuta ya gari, simu. Mara tatu ni 2,100. Palikuwa na pengo la dola 900, na pengo hilo alilijaza kwa upendo. Alinunua simu ya mama. Alinunua viatu vya watoto wa mjomba, koti la shosh la baridi ya Nyandarua, akaviweka kwenye sanduku akingoja safari. Kisha gari lake likaharibika gia, na hilo pia likaingia kwenye kadi. Maili zilipoingia alinitumia picha ya skrini na vikopa vitano.

Ilikuwa Machi. Alitaka kuja Aprili. Tiketi ya kwenda na kurudi ilikuwa dola 1,150, ama maili 110,000. Yeye alikuwa na 64,000. Wazo lake lilikuwa rahisi: “Nitumie maili 55,000 kuja, nilipe pesa kurudi. Wiki mbili tu.”

Sasa hapa ndipo utaalamu wangu uliingia. Kwenye ile dunia niliyokuwa naandika habari zake, kuna hesabu moja inayotawala zote. Unachukua bei ya tiketi, unagawanya kwa idadi ya maili, unapata kila maili imekununulia senti ngapi. Ukipata senti moja, umefanya vibaya. Ukipata moja na nusu, uko sawa. Ukipata mbili, unajipiga kifua. Ile ya Aprili ilikuwa senti moja na kidogo.

“Usizichome,” nilimwambia. “Subiri. Kufika Novemba tutapata bei ya maana.”

Alinyamaza kidogo, akasema, “Sawa, wewe ndiye unajua.”

Shosh alikufa Julai. Alilala mchana, hakuamka.

Tiketi ya dharura haijali hesabu yako. Wiki hiyo kiti cha kuja Nairobi, upande mmoja tu, kilitaka maili 63,000. Dadangu alikuwa amefikisha 66,000. Maili zilitosha kumleta. Hazikutosha kumrudisha. Tiketi ya kurudi, dola 890, aliiweka kwenye kadi ileile, juu ya simu, viatu, koti na gia.

Alifika Alhamisi usiku. Tulimzika shosh Ijumaa. Lile koti alikuja nalo, likiwa bado na lebo ya bei, na mama akasema lisiingie kaburini, apewe mwenye baridi.

Baada ya mazishi watu walikuwa wamekaa kwenye tenti wanakula, na anti mmoja akasema kwa sauti, “Na huyu amekuja kwa tiketi ya bure! Mungu ni mkubwa.” Watu wakaitikia amina. Dadangu aliniangalia. Hakuniangalia vibaya. Aliniangalia tu, kama mtu anayemwangalia mwenzake wanayejua kitu pamoja.

Usiku tukiosha sufuria ndipo nilimuuliza salio. Lilikuwa dola 2,900. Riba, asilimia 28. Piga hesabu: kama dola 67 kila mwezi, kabla hajapunguza deni lenyewe hata kidogo. Hizo ni karibu makala mbili zangu. Nilikaa pale na sabuni mikononi, neno la anti likinizunguka. Bure.

*

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo halikuwa kwenye jedwali langu. Kiti kile cha maili 63,000 kililipiwa na nani? Shirika la ndege halitoi sadaka. Rubani alilipwa, mafuta yalinunuliwa. Kuna mtu alitoa pesa.

Nilianza kusoma tena vitu nilivyokuwa nimevisoma nikitafuta maneno 2,000, safari hii nikitafuta jibu. Mpango wa maili wa American Airlines ulianza 1981, na wazo lilikuwa la kawaida: umepanda ndege yetu mara nyingi, tukushukuru kwa kiti ambacho kingekaa kitupu. Ni kama mama mboga anayekuongezea nyanya moja. Lakini miaka michache baadaye benki ziliingia. Shirika likaanza kuziuzia benki maili, mabilioni kwa mabilioni, na benki ikawagawia watu wanaotumia kadi yake, hata kama mtu huyo amenunua maziwa tu na hajakaribia uwanja wa ndege. Biashara hiyo imekua hadi inachekesha. Mwaka wa 2024 Delta ilipokea zaidi ya dola bilioni 7 kutoka American Express. Mwaka wa 2020, wakati wa corona, ndege zikiwa zimeegeshwa, United ilichukua mpango wake wa maili ikauweka rehani kutafuta mkopo. Kampuni ilisema mpango huo una thamani ya karibu dola bilioni 22, zaidi ya thamani ya hisa zake zote sokoni wakati huo. Yaani ukiondoa ndege, ule mchezo wa pointi uliobaki ulikuwa na bei kubwa kuliko kampuni nzima na ndege zake.

Benki nayo inatoa wapi pesa ya kununua maili? Sehemu mbili hasa.

Ya kwanza ni dukani. Ukilipa kwa kadi ya mkopo Marekani, mwenye duka hapokei bei yote. Asilimia mbili hivi, wakati mwingine tatu, inakatwa na kugawanywa kati ya benki na mitandao ya kadi. Mwenye duka si mjinga. Anaongeza bei kidogo kwa kila kitu. Na kwa kawaida bei ni moja kwa wote: mwenye kadi ya maili analipa 5, mwenye noti mkononi analipa 5. Tofauti ni kwamba wa kwanza anarudishiwa kidogo kwa njia ya maili, na wa pili harudishiwi chochote. Mwaka wa 2010 watafiti wa benki kuu ya Boston, mji ulio karibu kabisa na dadangu, walijaribu kupima jambo hili. Walipata kwamba kwa wastani kila nyumba inayotumia pesa taslimu inawalipa wenye kadi dola 149 kwa mwaka, na kila nyumba inayotumia kadi inapokea dola 1,133 kutoka kwa wale wa pesa taslimu. Hakuna aliyepiga kura juu ya hilo. Linatendeka pale kaunta, senti kwa senti, na wa mbele na wa nyuma kwenye foleni wanasalimiana vizuri tu. Ulaya waliliona, na 2015 wakaweka kikomo: ile ada benki inayotoza kwa kadi za mkopo za watu binafsi isizidi asilimia 0.3. Matokeo yake ni kwamba bonasi nono za Kimarekani huko ni nadra.

Sehemu ya pili ni riba. Kuna mtu analipa salio lote kila mwezi, anapata maili, anaondoka safi. Mwingine anabaki na salio na kulipa asilimia 28. Wote wana kadi ileile, yenye picha ya ndege ileile. Yule wa pili anasaidia kulipia safari ya yule wa kwanza.

Nilipofika hapo nikaona nimemkuta dadangu pande zote mbili. Siku alipopewa kiti, kililipiwa kidogo na wazee wa Lowell wanaohesabu noti kwenye duka la dawa, na wafanyakazi wenzake wasio na kadi. Na kila mwezi tangu siku hiyo, yeye naye analipia kiti cha mtu mwingine. Labda msomaji wangu. Labda mtu aliyepata senti mbili kwa maili, akajipiga kifua.

*

Nilimweleza rafiki yangu haya yote, ndani ya matatu kutoka tao. Yeye ni mtu wa hesabu. Akasema, “Sasa unataka nini? Watu waache maili? Wewe ukikataa kadi, bei ya maziwa haitashuka hata ndululu. Yule mzee wa noti atalipa vilevile. Tofauti ni kwamba badala ya sista yako kupata kiti, atapata mzungu.”

Ni hoja nzito, sitaiacha ipite hivihivi. Kama ubaya tayari umefanyika na pesa imeshakatwa, kukataa mgao wako ni usafi wa mikono tu, na usafi huo haumlishi mtu. Tena kuna kitu kinanikera nikisikia mtu anamwambia mwanamke mweusi anayeosha wazee usiku kwamba yeye ndiye aanze kuwa mtakatifu. Wenye pesa wamepanda viti hivyo miaka mingi bila kuulizwa swali. Kama kuna mtu ana haki ya kurudishiwa senti chache na huo mfumo, ni yeye.

Kwa hivyo sidhani kuchukua kadi ni dhambi. Ukiweza kulipa salio lote, na ukijua pesa inatoka wapi, chukua, uende kwenu uone watu wako.

Lakini rafiki yangu aliruka mtu mmoja kwenye hesabu, na mtu huyo ni mimi. Kuchukua kiti kilichopo ni jambo moja. Kusimama mlangoni ukiwaita watu waingie, ukijua kuna wengine watakaotoka na deni, na kwamba deni hilo ndilo linalotengeneza viti, ni jambo lingine. Mfumo huu hauwezi kuishi kwa watu wanaolipa salio lote pekee. Unahitaji watu kama dadangu, wenye sababu nzuri ya kutumia zaidi kidogo ya walicho nacho. Na njia ya kuwapata ni makala inayoanza na picha ya bahari, na ile sentensi ya kweli ikiwekwa chini kabisa. Hiyo ndiyo kazi niliyouza kwa senti mbili kwa neno. Sikusema uongo hata mara moja. Nilipanga tu ukweli kwa mpangilio unaoleta pesa.

Mama alikuwa na kadi ya pointi ya supamaketi moja kubwa hapa Nairobi. Nilikuwa mdogo. Alikuwa anakusanya kwa miaka, ati siku moja achukue presha kuka. Kila tukinunua sabuni ananiambia nisisahau kadi. Halafu rafu zikaanza kubaki tupu, tawi likafungwa, na pointi zikafa na duka. Mama hakuwahi kuzililia. Alisema, “Hazikuwa pesa.” Nimeandika mamia ya kurasa juu ya maili na sijawahi kuandika kitu chenye akili kama hicho. Maili ni ahadi, na anayeahidi ana ruhusa ya kubadilisha bei. Delta iliondoa jedwali lake la bei za maili 2015, United ikafuata 2019. Leo kiti ni 55,000, kesho ni 63,000, na hakuna pa kulalamika kwa sababu ulikubali masharti.

Mimi nilijua hayo. Niliyaandika. Na bado nilimwambia dadangu aziweke, asubiri.

Hapo ndipo ninakwama kila mara. Deni litalipwa, dawa ya deni ni kulipa, na tunalipa. Lakini ile hesabu ya senti kwa maili nilimpa kana kwamba ni hekima. Ukiitazama vizuri, juu kuna bei ya tiketi na chini kuna idadi ya maili. Hakuna mahali pa kuandika unakwenda kwa nani. Kiti cha kwenda ufukweni na kiti cha kwenda kwa mzee wa miaka 86 anayesahau majina vinatoa jibu moja. Dadangu alikuwa na jibu sahihi tangu Machi: nitumie 55,000, nilipe pesa kurudi, wiki mbili. Alikuwa na hesabu yenye shosh ndani yake. Mimi nilimtoa shosh nikaita hiyo kutumia akili.

Kwa hivyo nikiulizwa nani alilipia kile kiti, orodha yangu ina watu watatu. Mtu wa noti pale kaunta. Mtu wa salio. Na mwanamke mmoja Ol Kalou, aliyelipa kwa kungoja, na ambaye hakuna mtu aliyemuuliza kama anakubali masharti.

*

Ungependa niseme niliacha kazi usiku huohuo. Sikuacha. Rent ilikuwa tarehe tano. Nilichofanya ni kidogo: makala iliyofuata niliitoa ile sentensi chini nikaiweka ya kwanza kabisa. Nikaongeza mfano wa dola 2,900 na riba yake ya mwezi. Mhariri aliirudisha chini, akafuta mfano, akaniandikia kwa adabu kwamba inawavunja wasomaji moyo. Ya pili nikafanya vilevile. Baada ya hapo kazi zikaanza kupungua, na mwezi uliofuata hazikuja. Sijui kama nilifukuzwa ama nilisahaulika tu. Sasa naandika maelezo ya bidhaa za bustani. Majembe hayamdanganyi mtu.

Dadangu naye alinipigia wiki iliyopita. Mwaka wa kwanza umeisha, ada ya kadi imefika, dola 95. Maili zimebaki 4,000 na kitu. Deni amelishusha hadi 1,700, kwa shifti za usiku na kidogo ninachotuma mimi, ndiyo, kutoka Zimmerman kwenda Massachusetts, usicheke.

“Nishikilie ama nifunge?” aliuliza. Bado ananiuliza mimi. Hilo linaniuma na kunipa moyo kwa pamoja.

Nilianza kufungua jedwali, nikalifunga. Nikamuuliza, “Unataka kuona nani, na lini?”

Alikaa kimya. Nikasikia mtu nyuma yake, mmoja wa wale wazee, akiita jina lisilo lake.

“Mama,” alisema. “Aprili. Hata bei ikiwa mbaya.”

Tukahesabu kuanzia hapo. Kadi ataacha kuinunulia vitu, atalipa deni kwanza, na kabla ada haijakatwa ataiomba benki imbadilishie iwe ya kawaida isiyo na ada ya mwaka. Zile maili 4,000 hazina pa kwenda, akaniambia nizisahau. Pembeni kila mwezi ataweka dola 60 na mimi 1,500 za Kenya, kama chama cha watu wawili. Aprili ya mwaka huu haitatosha. Aprili ya mwaka ujao itatosha.

Mama ana miaka 61 na afya yake ni nzuri. Nimejikuta nikiandika hiyo kwenye hesabu pia, mstari wa kwanza, juu ya bei.